Pesa kwa alama za shule: shajara ya mradi wa nyumbani, Ujiji 2024

6 Januari 2024: Mpango na bei

Shule zinafunguliwa keshokutwa, na mwaka huu nimeamua kuwalipa watoto pesa kwa alama wanazopata. Nitaandika kila hatua na kila shilingi. Wazazi wengi hapa Ujiji na kule Mwanga, mjini Kigoma, huwaahidi watoto pesa wakifaulu, lakini sijamwona aliyeweka hesabu. Huyu anasema inasaidia, yule anasema inaharibu mtoto, na wote wawili hawana daftari la kuonyesha.

Nyumbani kuna wanafunzi wanne. Binti mkubwa yuko kidato cha pili na mwishoni mwa mwaka ana mtihani wa taifa. Anayemfuata ni mvulana wa darasa la sita. Mtoto wa dada yangu, naye mvulana, aliyehamia kwetu kutoka Kasulu, yuko darasa la sita pia, tena chumba kimoja na mwanangu. Kitinda mimba ni msichana wa darasa la tatu. Mimi nanunua dagaa mwaloni Kibirizi, naanika na kuuza. Baba watoto ni seremala.

Bei nilizopanga: darasa la sita, A ni Sh 2,000 na B ni Sh 1,000. Kidato cha pili, A Sh 3,000, B Sh 2,000, C Sh 1,000. Darasa la tatu, A Sh 1,000. Chini ya hapo hakuna kitu. Kwa ambaye amesahau: msingi kila somo lina alama 50, A inaanzia 41, B 31, C 21, D 11. Sekondari ni kati ya 100, A inaanzia 75, B 65, C 45, D 30.

Pesa inatoka kwenye faida ya dagaa, naitenga kila wiki kwenye kibubu.

Baba watoto hajaridhika. Anasema shule haina ada tangu 2016, mtoto ananunuliwa sare na madaftari, anakula, analala. Akilipwa tena kwa kusoma, kesho atauliza analipwa ngapi kwa kuswali. Ni hoja nzito na sikuwa na jibu la kumtosheleza. Tumekubaliana nijaribu hadi Desemba.

30 Machi 2024: Malipo ya kwanza, na yaliyokwama

Matokeo ya nusu muhula yametoka, na jana baada ya futari nililipa. Mvulana wangu A mbili na B tatu, Sh 7,000. Binti B moja na C nne, Sh 6,000. Kitinda mimba A nne, Sh 4,000. Mtoto wa dada hakupata hata mia. Jumla Sh 17,000.

Ukiangalia juu juu utasema mradi unakwenda. Ukifungua madaftari unaona vingine.

Mvulana wangu amelipwa kwa alama zilezile alizokuwa akizipata mwaka jana bila senti. Kiswahili ana A tangu darasa la nne. Sh 7,000 zimeondoka na hakuna kilichoongezeka.

Mtoto wa dada ndiye aliyeniumiza. Alikuja na ripoti ya Kasulu yenye Hisabati 9. Safari hii amepata 17. Ameongeza alama nane, karibu mara mbili ya alizokuja nazo, na kwa bei zangu hizo nane hazina thamani yoyote, maana 17 ni D. Alikaa pembeni ya mkeka akiwatazama wenzake wakihesabu noti. Hakulalamika. Tangu hapo daftari lake la Hisabati liko chini ya begi, halijafunguliwa.

Kisha karatasi ya Kiingereza. Mvulana aliniletea yenye 48. Mwalimu huandika alama kwa kalamu nyekundu na kuizungushia duara, na duara lilikuwepo. Lakini ile nne ilikuwa na wekundu wa aina mbili: mstari wa wima umefifia kidogo, miguu yake miwili imekolea. Nikaanza kuhesabu alama za vema, moja moja. Hazikufika hata nusu ya maswali. Ilikuwa 18, na moja imegeuzwa nne. Nilimwita mbali na wenzake, akakiri papo hapo. Kesho yake nilikwenda naye kwa mwalimu wa darasa. Adhabu aliyompa ilikuwa kurudia karatasi nzima, swali kwa swali, na mimi kwenye malipo Kiingereza sikukihesabu. Lakini tangu aanze shule hakuwahi kughushi kitu. Mwaka huu ndio karatasi imekuwa na bei.

La mwisho nililiona dogo, ila ndilo ninalolifikiria zaidi. Binti aliniambia: "Mama, elfu tatu ya Fizikia naitaka kweli. Sasa nifanye nini ili niipate?" Nikamjibu asome kwa bidii. Akanitazama. Anasoma kwa bidii tayari, na amepata 38. Ahadi ya pesa imemwonyesha mwisho wa safari, njia haikumwonyesha.

13 Aprili 2024: Kupanga upya

Wakati wa Idi, shughuli zikiwa zimepungua, nilitafuta kama kuna mahali jambo hili lilipimwa. Limepimwa, tena kwa mapana.

Marekani, mchumi wa Chuo Kikuu cha Harvard anayeitwa Roland Fryer aliongoza majaribio katika miji mikubwa kadhaa na kuyachapisha 2011. Chicago walilipa wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa sekondari kwa alama za darasani: A dola 50, B dola 35, C dola 20, nusu wanapewa na nusu wanawekewa hadi wamalize shule. New York walilipa kwa matokeo ya majaribio. Katika miji hiyo miwili uwezo wa watoto kwenye mitihani ya kupima haukupanda kwa kiasi cha kuonekana. Lakini Dallas walilipa watoto wa darasa la pili dola 2 kwa kila kitabu walichosoma na kujibu maswali yake, na waliopimwa kwa Kiingereza walipanda katika ufahamu wa kusoma. Tena watoto wa New York walipoulizwa watafanya nini ili wapate pesa zaidi, wengi walitaja mambo ya chumba cha mtihani, kama kusoma swali kwa makini. Kujisomea zaidi au kumfuata mwalimu awaelekeze hawakutaja sana. Nilipofika hapo nilimkumbuka binti na Fizikia yake.

Kuna jaribio la karibu yetu linalosema tofauti, na silifichi. Busia, magharibi mwa Kenya, mwaka 2001, wasichana wa darasa la sita waliambiwa kwamba asilimia 15 ya juu watapewa ufadhili wa miaka miwili: kila mwaka Sh 500 za Kenya kwa shule na Sh 1,000 kwa familia. Hayo ni malipo kwa matokeo, na alama zilipanda. Zilipanda hata kwa wasichana waliokuwa chini sana kuweza kushinda, na hata kwa wavulana ambao hawakuhusika. Walimu nao walihudhuria zaidi. Mimi naielewa hivi: kule shule nzima ilisogea, mwalimu na mzazi pamoja na mtoto, na tuzo zilitolewa hadharani mbele ya watu. Mimi peke yangu na kibubu changu siwezi kuisogeza shule. Ninachoweza kusogeza ni kinachofanyika mezani kwangu jioni.

Kwa hiyo bei za alama nimezifuta. Kuanzia leo nalipa kazi ambayo mtoto anaweza kuifanya akitaka:

Masahihisho ya karatasi nzima, yaani kila swali alilokosa alirudie na anieleze kwa mdomo, Sh 300. Kitabu kilichosomwa na kusimuliwa, Sh 300. Ukurasa wa hesabu au maswali ya sayansi, Sh 100. Mwisho wa malipo ni Sh 1,500 kwa mtoto kwa wiki. Malipo Jumamosi jioni, kwa sarafu, mbele ya wote.

Mtoto wa dada aliuliza swali moja tu: "Mama mdogo, hata nikikosa?" Nikamwambia hata ukikosa, mradi ulirudie. Begi lilifunguliwa jioni ileile.

25 Mei 2024: Ziwa limefungwa, na kitinda mimba

Serikali imefunga uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Hatua naiunga mkono, kwa sababu kila mfanyabiashara wa dagaa ameona jinsi walivyopungua. Lakini Kibirizi pamekuwa kimya na kibubu kimekwisha. Wiki nne za mpango mpya zilinigharimu Sh 18,000. Wiki ya tano sikuwa na cha kutoa.

Hili mzazi anayetaka kuiga alipime mapema: mradi wa pesa unategemea kipato chako, na kipato chetu hakina mshahara wa mwezi. Ahadi ikivunjika, mtoto anahesabu kwamba umemdanganya. Nilichofanya ni kuandika deni kwenye daftari, jina na kiasi, kila mmoja akaweka saini. Deni lilifika Sh 6,200, nikalilipa lote baada ya kuuza mawese niliyofuata Mwandiga. Baada ya hapo nikawaambia ukweli: hadi ziwa lifunguliwe hakuna sarafu. Aliyemaliza kazi ya wiki atachagua mboga ya Jumapili au atapumzishwa zamu ya maji siku mbili. Nilidhani watagoma. Wavulana waligombania zamu ya maji kuliko walivyowahi kugombania mia tano.

Sasa kitinda mimba. Huyu mtoto alikuwa anasoma kila chenye maandishi. Gazeti lililofungiwa vitumbua, mfuko wa saruji wa jirani, jina la kanga niliyovaa. Anasoma kwa sauti, akikwama anauliza. Hakuna aliyemtuma. Mwezi mmoja wa kulipwa Sh 300 kwa kitabu umembadilisha. Kwanza alianza kuchagua vitabu vyembamba kuliko vyote. Halafu juzi nimeanika kanga mpya, akasimama mbele yake, akageuka: "Mama, nikisoma hii ni shilingi ngapi?"

Niliacha nilichokuwa nafanya.

Jambo hili lina utafiti wake wa zamani. Mwaka 1973 watafiti watatu, Lepper, Greene na Nisbett, walichukua watoto wa shule ya awali ya Chuo Kikuu cha Stanford waliokuwa wanapenda kuchora. Kundi moja waliahidiwa cheti wakichora. Siku za baadaye, palipokuwa hakuna cheti, kundi hilo lilichora kwa takribani nusu ya muda wa wenzao. Kundi lililopewa cheti kwa kushtukizwa, bila kuahidiwa, halikupoteza hamu.

Nimemtoa kitinda mimba kwenye malipo yote. Sikumweleza mengi. Nilimwambia vitabu vya kusimuliana vitakuwa vya mimi na yeye usiku. Zawadi anapewa mara mojamoja, bila kutangaziwa. Kwa kazi anayoipenda mtoto mwenyewe, usiweke bei. Hili nimelithibitisha kwa macho yangu na sitalijaribu tena.

8 Juni 2024: Matokeo ya muhula wa kwanza

Kwa kifupi. Mtoto wa dada, Hisabati 26, kutoka 17. Mvulana wangu, Kiingereza 27, kutoka ile 18 ya kweli, lakini Kiswahili kimeshuka kutoka 43 hadi 39. Aliacha kukigusa kwa sababu hakikuwa na masahihisho mengi ya kulipwa. Binti, Fizikia 41, kutoka 38, bado D.

Siwezi kusema ni pesa. Tangu Aprili nakaa mezani kila jioni kusikiliza maelezo ya masahihisho, jambo ambalo zamani sikulifanya. Sarafu ndizo zilizonilazimisha kukaa, maana huwezi kulipa kazi usiyoiona. Nani kati ya sarafu na kukaa ameongeza zile alama, sina namna ya kuvitenganisha.

20 Julai 2024: Vyombo, majibu ya nyuma ya kitabu, na biashara ya hamsini

Bado ziwa limefungwa, ila mawese yametoka vizuri na nimerudisha malipo kwa kiwango kidogo, mwisho Sh 1,000 kwa wiki. Matatizo matatu yamekuja pamoja.

Mama mkwe alimtuma mvulana kuosha vyombo, akajibiwa: "Bibi, vyombo ni bei gani?" Bibi alikasirika, na alikuwa na haki. Baba watoto alinitazama tu, maana alishalisema hili Januari. Usiku ule tuliwaketisha wote. Kanuni sasa ni moja na imeandikwa mlangoni: kazi ya nyumba hailipwi, adabu hailipwi, kazi ya shule aliyotoa mwalimu hailipwi. Kinacholipwa ni ziada tu. Mvulana aliosha vyombo vya bibi wiki nzima na kumwomba radhi.

La pili, kurasa za hesabu zilianza kuja nyingi na safi mno. Walikuwa wananakili majibu ya nyuma ya kitabu. Kukagua hatua za ukokotoaji kulinichosha, na hesabu za kidato cha pili mimi zinanishinda. Dawa ilikuwa ubao. Baba watoto alichukua kipande cha plaiwudi, akakipiga rangi nyeusi mikono mitatu na kukitundika sebuleni. Plaiwudi, rangi na boksi la chaki vimetugharimu Sh 14,000. Ukurasa haulipwi tena kwa kuandikwa. Nachagua swali moja kutoka ukurasa huo, mtoto anasimama ubaoni na kulifanya bila daftari. Akiweza, ukurasa wote unalipwa. Akishindwa, anarudi kesho. Kunakili kumekufa wiki hiyohiyo.

La tatu ndilo lililonifundisha. Niligundua mtoto wa dada anamlipa mwanangu Sh 50 kwa kila ukurasa ili amwelekeze hesabu za sehemu. Yaani mimi namlipa mia, nusu inahamia kwa binamu yake. Nilitaka kupiga marufuku siku ileile, ndugu kumuuzia ndugu msaada si jambo la kulea. Lakini kabla ya kusema nilisimama mlangoni nikasikiliza. Mwanangu alikuwa anakata chapati hewani kwa kidole: "Sita kwa nane, sawa? Gawa juu kwa mbili, gawa chini kwa mbili." Mwenzake akarudia, akakosea, akarekebishwa, akarudia. Hakuna siku mimi nimeeleza sehemu vizuri kiasi kile.

Kwa hiyo biashara ya hamsini nimeifunga, nikaibadili. Mtoto wa dada akiweza swali ubaoni peke yake, wote wawili wanalipwa mia. Asipoweza, hakuna anayelipwa. Mwanangu sasa ndiye anayemfuata mwenzake jioni, na kwa kueleza amegundua mapengo yake mwenyewe kwenye desimali.

Nilitaka pia kujua pesa zinakwenda wapi. Mvulana: kashata na mpira. Binti: anatunza. Mtoto wa dada aliniletea sarafu kwenye kitambaa, akaniomba nizitume kwa simu kwa mama yake Kasulu. Nilizituma zote, gharama ya kutuma nikaibeba mimi.

28 Septemba 2024: Kuirefusha kamba

Ziwa lilifunguliwa Agosti, dagaa wamerudi, na kishawishi cha kupandisha bei kilikuja. Sikupandisha. Lengo ni malipo yapungue na kazi ibaki. Agosti nililipa kila wiki mbili, kuanzia mwezi huu ni mwisho wa mwezi. Tangu Julai hadi leo nimetoa Sh 21,000.

Mvulana wangu alilegea kabisa wiki mbili za kwanza za mabadiliko haya. Nilivumilia, sikumkumbusha pesa. Kilichomrudisha ubaoni ni mwenzake kumhitaji, si mimi. Kiswahili nimekiingiza kwa njia nyingine: kila Ijumaa anamsomea bibi habari ndefu na bibi anamuuliza maswali. Bibi ni mkali kuliko mtihani, na hailipwi.

Binti alikuja na ombi lake: hataki sarafu tena, anataka vitabu vya mitihani iliyopita ya kidato cha pili. Nimenunua vya Fizikia, Hisabati na Kemia, Sh 15,000. Anafanya karatasi moja Jumamosi kwa kufuata saa, Jumapili anafanya masahihisho. Lile swali lake la Machi amelijibu mwenyewe. Anajua sasa kwamba anapoteza alama kwenye vizio na kwenye michoro ya nguvu, na ndiko anakopeleka muda wake.

7 Desemba 2024: Hesabu ya mwaka

Mtoto wa dada, Hisabati 30. Mvulana, Kiingereza 33 na Kiswahili 42. Binti alipata Fizikia 46 kwenye mtihani wa majaribio wa shule, C yake ya kwanza katika somo hilo. Kitinda mimba nilimkuta juzi anamsomea paka maandishi ya mfuko wa unga. Ilichukua miezi, lakini amerudi.

Pesa taslimu: Sh 17,000 za alama, ambazo naziona zimepotea. Sh 18,000 za Aprili na Mei, Sh 6,200 za deni, Sh 21,000 za Julai hadi Septemba, Sh 9,500 za Oktoba hadi sasa. Jumla Sh 71,700. Ubao na vitabu Sh 29,000. Mwaka mzima Sh 100,700 kwa watoto wanne. Tuisheni niliyoulizia mwanzoni mwa mwaka ilikuwa Sh 10,000 kwa mwezi kwa mtoto mmoja.

Anayetaka kuiga, aanze na ubao na masahihisho, bei za alama aziache kabisa. Akiwa na jioni chache za kukaa nyumbani, asianze na pesa, kwa sababu pesa bila kukagua zitamletea karatasi zenye wekundu wa aina mbili. Na aweke kiwango cha juu cha malipo ya wiki ambacho hata biashara ikilala anakimudu. Kwangu Sh 1,500 ilikuwa juu, Sh 1,000 ilitosha.

Mwakani wavulana wanaingia darasa la saba. Baba watoto na mimi tumekubaliana kwamba mtihani wa Septemba hautawekewa ahadi ya pesa yoyote, ubao utabaki, na malipo ya kufundishana yatakwisha Machi. Matokeo ya kidato cha pili yakitoka Januari nitayaongeza hapa, yawe mazuri au mabaya.